Hivi Hawana Futi Kamba?

Mapema mwaka 2023 magazeti ya Hispania yalitoboa kwamba shirika la reli la nchi hiyo, Renfe, lilikuwa limeagiza treni 31 mpya kwa ajili ya mikoa ya Asturias na Cantabria, huko kaskazini, kwa euro milioni 258, na kwamba treni zenyewe zisingepita kwenye mahandaki. Zilikuwa kubwa mno. Mahandaki ya huko ni ya karne ya 19, kila moja na kimo chake, na vipimo vilivyopelekwa kiwandani havikuwa vya mahandaki hayo. Kiwanda ndicho kilichoshtuka, mwaka 2021, kabla ya kuunda hata behewa moja. Wakubwa wakalizungumza jambo hilo chini kwa chini karibu miaka miwili, hadi likavuja. Rais wa shirika akajiuzulu, katibu wa wizara akamfuata, na abiria wa mikoa hiyo wakaahidiwa kusafiri bure mpaka zipatikane treni zinazopita.

Siku hiyo nilimpigia simu Shangazi, Tanga.

"Treni haiingii kwenye handaki?"

"Haiingii, Shangazi."

"Huko huko Ulaya?"

"Huku huku."

Akanyamaza. Shangazi amezeekea karibu na reli, ile nyembamba ya mita moja ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, na reli ya Cantabria ni ya upana huohuo. Ameona treni ya kuchelewa, treni ya kukwama, treni ya kuadimika miaka na miaka. Treni ya kukataliwa na handaki hajapata kuiona. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Hivi hawana futi kamba?"

Tangu hapo nimekuwa shirika lake la habari. Kila Ijumaa jioni simu inaita, hataki salamu ndefu, anataka "za Hispania". Baada ya ile ya treni nilimpa nyambizi. Jeshi la majini la Hispania lilikuwa likijengewa nyambizi mpya mjini Cartagena, ikapewa jina la Isaac Peral, mzaliwa wa mji huohuo aliyeunda nyambizi ya umeme mwaka 1888. Mwaka 2013 ikagundulika kwamba hii ya sasa imezidi uzito kwa zaidi ya tani 70. Kuzama ingezama vizuri tu. Mashaka yalikuwa kwenye kuibuka. Ofisa mmoja wa zamani wa wizara ya ulinzi alisema yaelekea mtu alikosea kuweka nukta ya desimali. Dawa iliyopatikana ni kuirefusha kama mita 10 ili ielee, ikafika mita 81. Kufika mwaka 2018 gazeti la El País likaandika kwamba sasa ni ndefu kuliko gati lake, kwa hiyo gati nalo likatakiwa lipanuliwe. Ilikabidhiwa jeshini mwaka 2023, na kwa haki niseme kwamba inazama na inaibuka. Shangazi hakungoja niseme kwa haki. Alikuwa ameshaomba maji ya kunywa.

Mimi si mtaalamu wa Hispania. Mke wangu alipata kazi ya utafiti Valencia nami nikamfuata kama begi la mkononi: halina tiketi yake, lakini linaruhusiwa kuingia ndani ya ndege. Yeye anashinda maabara. Mimi nashinda mitaani, na mitaani ndiko mambo yanakotokea.

La kwanza lilitokea kwenye ofisi ya usajili wa wageni. Kila Mhispania ana majina mawili ya ukoo, kwa kawaida la kwanza la baba, la pili la mama, na mwanamke akiolewa haachi ya kwake. Utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi uko kwenye fomu. Sisi wa Pwani mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, yamekwisha. Mama wa dirishani, mkarimu kweli, miwani ikining'inia shingoni kwa mkufu, alitazama pasi yangu akajaza: ukoo wa baba, jina la baba yangu, ukoo wa mama, jina la babu. Nikamwambia kwa adabu kwamba huyo si mama, ni babu mzaa baba. Akaniangalia kwa huruma. Kompyuta, akasema, haikubali nafasi tupu. Foleni ni ndefu. Na saa nane anafunga. Akagonga muhuri. Tangu siku hiyo marehemu babu, mzee wa ndevu na bakora, amekuwa mama yangu mzazi kwa mujibu wa Ufalme wa Hispania.

Hii Shangazi hakuicheka.

"Baba yangu mimi?" akauliza. "Baba yangu mimi wamemfanya mwanamke?"

"Ni kwenye karatasi tu, Shangazi."

"Haya. Na kwenye hizo karatasi, kaka yangu kamwoa nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Baada ya majina zikaja saa. Saa ya Kiswahili ilitungwa na watu wenye akili: jua likichomoza unaanza kuhesabu, likizama unaanza upya. Ukiipeleka Valencia inaugua. Mwezi wa Juni jua huko linazama saa tatu na nusu usiku. Unampigia mtu nyumbani unamwambia ni saa tatu za usiku, na wewe umevaa miwani ya jua, jasho linakutoka, watoto wanacheza mpira uwanjani. Kosa si la jua. Mstari wa Greenwich unapita ndani ya Hispania, nchi ilipaswa kuwa na saa za London, lakini mwaka 1940 Jenerali Franco alisogeza saa mbele, Madrid ikawa sawa na Berlin, na hakuna aliyezirudisha. Jenerali alifariki mwaka 1975. Saa yake bado inatembea. Ni Visiwa vya Canaria tu vilivyobaki saa moja nyuma, na watangazaji wa redio wanalikumbusha taifa jambo hilo kila wanapotaja saa, mchana na usiku, mpaka unajiuliza kama kuna mtu huko visiwani ambaye hajapata habari.

Watu wengi wa Ulaya huwacheka Wahispania kwamba wanakula mchana saa nane au tisa, na usiku saa tatu au nne. Mimi nawatetea. Simu yangu ina adhana, na kiangazi pale Valencia huadhini adhuhuri saa nane na dakika chache. Kwa maana nyingine, Mhispania anapokaa kula, jua ndiyo kwanza liko utosini. Tumbo lake halijachelewa hata kidogo. Lilikataa tu kumtii Jenerali.

Faida ya tumbo hilo niliiona Ramadhani ya mwaka 2017, iliyoangukia Juni. Nilijiandaa kwa upweke: mfungo mrefu, nchi ya watu wasiofunga, futari saa tatu na nusu. Ile jua linazama, nikachungulia dirishani na tende yangu mkononi, nikaona mtaa mzima umekaa mezani. Meza barabarani, meza kwenye roshani, bibi na wajukuu, sahani zinapita. Mji mzima unafuturu. Mama mwenye nyumba wetu, mjane wa ghorofa ya kwanza, aliniona kwenye ngazi nimebeba uji saa nne ya usiku, akanipiga bega kwa furaha. "Hatimaye, mwanangu," akasema, "unakula saa za watu."

Na chakula chenyewe kina mambo yake. Ukiingia mgahawa wowote wa Hispania, jambo la kwanza utakaloona ni mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, yananing'inia darini kwa safu, kila moja na kikombe kidogo cha plastiki chini yake cha kukinga mafuta. Hiyo ndiyo jamón. Mtu asiyekula nguruwe hujifunza haraka kuuliza, na hujifunza haraka zaidi kwamba majibu hayasaidii. Niliagiza maharagwe mabichi. Yakaja na vipande vidogo vya rangi ya waridi.

"Nilisema sitaki nyama."

Mhudumu akainama kuangalia sahani, akashangaa kweli. "Hakuna nyama hapa. Ni jamón tu kidogo."

Nikahamia kwenye mkate wa mbogamboga. Ndani yake mlikuwa na jodari na yai. Nilikula bila kuuliza, maana jodari ni wa kwetu, lakini hadi leo sijui mbogamboga kwa Mhispania inaanzia wapi.

Hayo yote ni madogo. Jambo zito ni paella, na kwa sababu nilipanga Valencia kwenyewe, nilikuwa nimeingia msikitini na viatu bila kujua. Paella ya Valencia ina mchele, kuku, sungura, maharagwe mabichi mapana, maharagwe meupe makubwa yanayoitwa garrofó, nyanya, zafarani, mafuta ya zeituni, maji, chumvi. Huliwa mchana, hasa Jumapili. Ukiongeza njegere umetukana. Ukiongeza soseji, umetangaza vita: mwaka 2016 mpishi Mwingereza Jamie Oliver aliweka kwenye mtandao paella yake yenye chorizo, na Hispania nzima, ambayo haikubaliani hata kuhusu maneno ya wimbo wa taifa (wimbo huo hauna maneno mpaka leo, yaliyopendekezwa mwaka 2008 yaliondolewa ndani ya siku chache), ikaungana siku hiyo dhidi yake. Mwaka huohuo Apple walitengeneza kijipicha cha paella cha kwenye simu, wakakitia kamba. Wavalencia wakapiga kelele mpaka kikabadilishwa. Mwaka 2021 serikali ya mkoa ikaitangaza paella kuwa urithi wa utamaduni unaolindwa kisheria. Paella ina wanasheria.

Mimi hayo sikuwa nimeambiwa na mtu. Mama mwenye nyumba alitualika chakula cha Jumapili, wanawe wote wakiwepo, na mke wangu akasema si adabu kwenda mikono mitupu. Nikapika pilau. Pilau ya Tanga, ya bizari nzima, mdalasini, karafuu, nyama ya mbuzi na viazi, sufuria kubwa. Nikaiweka mezani nikasema kwa Kihispania changu kwamba hii ndiyo paella ya kwetu.

Meza ikanyamaza. Kaka yake mama mwenye nyumba, mzee aliyestaafu ufundi seremala, akachota kijiko, akatafuna taratibu, macho juu. Kila mtu alimngoja.

"Ni tamu," akasema mwishowe. "Ni tamu sana. Ni wali wenye vitu."

Vijana wakaangalia sahani zao. Mke wangu, ambaye Kihispania chake ni kizuri kuliko changu, alinikanyaga mguu. Baadaye akaniambia kwamba hayo ndiyo maneno Wavalencia wanayoiambia paella yoyote isiyo ya halali: wali wenye vitu. Ni hukumu, haina rufaa. Lakini wakati ule mzee alikuwa amegundua kiazi, amekiinua kwa uma, anakionyesha kwa wanawe mmoja mmoja, kielelezo namba moja. Kiazi ndani ya wali! Nikamwuliza kwani sungura ameingiaje. Akajibu kwamba sungura aliishi mashambani pale mpunga ulipo. Nikamwambia mbuzi naye aliishi jirani na sisi. Mambo yalikuwa yanaelekea pabaya, na mimi nasimama kwenye hoja yangu mpaka leo.

Kilichotuokoa ni ukoko. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama jikoni anakwangua sufuria yangu, akanyamaza ghafla, kisha akaita wenzake. Kumbe Wavalencia wanaugombea ukoko kuliko nyama. Wao wanauita socarrat, na mpishi hupimwa kwa huo. Ndani ya dakika moja familia yote ilikuwa imeizunguka sufuria na vijiko. Nilimwona yule mzee seremala akimpora mjukuu wake kijiko, bila haya, na mjukuu alikuwa na miaka sita. Jumapili iliyofuata mama mwenye nyumba alifunga safari mwenyewe hadi bucha la Mmoroko kule Ruzafa, akamhoji kuhusu sungura: alichinjwa na nani, na kama aliombewa. Paella ikawa halali, kwa dini zote mbili.

Nilidhani baada ya hapo nimeshaijua Valencia. Halafu ukaja Machi.

Nilikuwa kwa kinyozi, karibu na uwanja wa halmashauri ya mji, povu kidevuni, wembe uko kooni. Kinyozi akatupa jicho ukutani kwenye saa, ikakaribia saa nane kamili. Akauweka wembe mezani kwa utulivu, akaketi, akafumba macho, akaachama mdomo. Nikajua mzee anapatwa na kiharusi. Nilikuwa nainuka kumsaidia ndipo dunia ilipopasuka. Sitanii. Vioo vilitetemeka, makopo ya poda yalitembea rafuni, kifua kiligongwa kutoka ndani. Nilijikuta chini ya kiti, nimejifunika kile kitambaa, nasoma kila sura fupi ninayoijua. Yakaendelea dakika kadhaa, yakizidi, mpaka mwisho ukawa mlio mmoja usio na mwanya. Kisha kimya, na makofi ya maelfu ya watu kutoka uwanjani.

Kinyozi akafumbua macho, akachukua wembe. "Ya leo ilianza vizuri," akasema, "lakini mwisho umepwaya."

Hiyo inaitwa mascletà. Kuanzia tarehe 1 hadi 19 Machi, kila siku saa nane mchana, Wavalencia wanakusanyika kusikiliza baruti. Si fataki za kutazama; mchana mweupe utatazama nini? Ni za kusikiliza. Wanazichambua kwa mdundo, kwa kupanda na kushuka, wanabishana nani fundi wa baruti bora mwaka huu. Mdomo unauacha wazi ili masikio yasiumie. Mtoto mchanga anabebwa mabegani kuletwa pale, anapewa utamaduni wake.

Na mwisho wa siku hizo, usiku wa Mtakatifu Yusufu, wanachoma mji. Karibu kuuchoma. Mafundi hukaa mwaka mzima wakichonga sanamu kubwa, nyingine ndefu kuliko nyumba za ghorofa zinazozizunguka, mamia yake kila pembe ya mji, nazo zinawasimanga mawaziri, marais, mabenki, wachezaji mpira, kila aliyejitia aibu mwaka huo. Kubwa kabisa hugharimu mamia ya maelfu ya euro. Tarehe 19 Machi zote zinatiwa kiberiti, zimamoto wakiwa wamesimama wanamwagia maji kuta za majirani. Kila mwaka sanamu ndogo mbili tu, kwa kura za watu, husamehewa na kupelekwa makumbusho. Nilimtumia Shangazi video ya waziri mmoja wa mbao anayeungua kuanzia miguuni. Akauliza kama waziri mwenyewe anajua. Nikamwambia wanasiasa wa mji wako kwenye roshani ya halmashauri, wanatazama. Akaitazama ile video tena, nadhani zaidi ya mara moja, kwa sababu Ijumaa iliyofuata hakuuliza habari nyingine.

Kwa kumsimulia Shangazi ndipo nilipoanza kuona kitu kuhusu watu hawa. Sisi kwetu aibu hufunikwa: mgeni akibisha hodi, kapu lenye tundu linasukumwa uvunguni. Mhispania hulitoa nje, akaliweka mezani, akakata tiketi.

Chukua Borja, mji mdogo karibu na Zaragoza. Ndani ya kanisa moja la huko palikuwa na picha ya Yesu iliyochorwa ukutani na Elías García Martínez, karibu mwaka 1930, nayo ilikuwa ikibanduka kwa unyevu. Mwaka 2012 muumini mmoja wa miaka 81, bibi Cecilia Giménez, alichukua brashi ili aitengeneze. Alikuwa na nia njema kuliko wote. Hakuwa na mkono. Mwandishi wa BBC alisema matokeo yake yanafanana na nyani, na dunia nzima ikacheka kwa wiki kadhaa. Bibi mwenyewe alisema hakuwa amemaliza. Nchi nyingine ingepaka chokaa usiku. Borja wakaanza kutoza kiingilio. Watu wakafurika kwa makumi ya maelfu, shirika moja la ndege likatangaza nauli za kwenda Zaragoza, picha ikabandikwa kwenye chupa za mvinyo, na mwaka 2016 kikafunguliwa kituo kizima cha kueleza picha hiyo ilivyoharibika. Huko Marekani wakaitungia opera. Mimi na mke wangu tulikwenda. Tulilipa. Kikombe tulichonunua mke wangu anawekea kalamu.

Au Buñol, kilomita kama 40 kutoka kwetu. Mwaka 1945 vijana walizua vurugu karibu na meza ya muuza mboga, wakarushiana nyanya. Mwaka uliofuata wakarudia, safari hii wamekuja na nyanya zao. Polisi wakakataza, mwaka 1957 watu wakafanya maandamano ya mazishi, wamebeba jeneza lenye nyanya moja kubwa ndani, bendi ikipiga nyimbo za msiba. Ikabidi waruhusiwe. Leo ni sikukuu ya Jumatano ya mwisho ya Agosti, zaidi ya tani 100 za nyanya, na tangu 2013 huingii bila tiketi. Hii nilijuta kumwambia Shangazi. Yeye amefanya biashara ya nyanya za Lushoto miaka mingi, anajua bei ya tenga moja mvua ikikatika. Alitaka hesabu ya tani 100 ni matenga mangapi. Tulipoipata, hakusema neno. Akasema anakwenda kuswali.

Lakini nimechunguza: karama hiyo wanayo watu wa kawaida tu. Kosa likifanywa na serikali, tiketi hazikatwi, inakatwa kodi. Machi 2011, mwendo wa gari usiofika saa moja na nusu kutoka kwetu, ulizinduliwa uwanja wa ndege wa Castellón, bila ndege. Mwanasiasa mkubwa wa huko, Carlos Fabra, alieleza kwamba ni uwanja wa watu: wananchi waje watembee kwenye njia ya kurukia, jambo ambalo lisingewezekana kama kungekuwa na ndege. Ukiitafakari, hoja haina kasoro. Mbele yake wakasimamisha sanamu ya mita 24 kwa euro 300,000. Ndege za abiria zilianza kuja mwaka 2015, Fabra mwenyewe akiwa amefungwa kwa kosa la kukwepa kodi. Kule Cádiz nako, mwaka 2010 walitaka kumpa mtumishi mmoja wa umma nishani ya miaka 20 ya utumishi, wakamtafuta ofisini, ndipo wakagundua kwamba muda mrefu hakuna aliyemwona. Mahakama ilimtoza euro 27,000 na kusema hakufanya kazi kwa miaka isiyopungua sita. Yeye alikana, alidai alinyimwa kazi, akawa anasoma falsafa. Na kuna mji wa Huéscar, mkoani Granada, uliotangaza vita dhidi ya Denmaki mwaka 1809, ukasahau, ukakumbuka mwaka 1981 nyaraka zilipofukuliwa. Miaka 172, hakuna hata mtu aliyekwaruzwa. Wadenmaki walikuja, mkataba wa amani ukatiwa saini, wakala pamoja. Naam, hiyo ni karamu tena. Vita wanajua kuvimaliza.

Sasa imekaribia Desemba, na nina tatizo.

Tarehe 22 Desemba kila mwaka watoto wa shule ya San Ildefonso ya Madrid wanaimba namba za bahati nasibu kwenye televisheni, asubuhi nzima, na nchi haifanyi kazi nyingine. Mchezo huu ulianza Cádiz mwaka 1812. Kipande kimoja cha tiketi ni euro 20, na zawadi kubwa hukipa kipande hicho euro 400,000 kabla ya kodi. Kwa sababu namba moja huuzwa kwa vipande vingi, watu hununua pamoja: ofisi nzima, mgahawa mzima, jengo zima. Nimewatazama vya kutosha, na naamini wengi hawanunui ili washinde. Wananunua ili jirani asishinde bila wao.

Kisa kinachowatisha ni cha Sodeto, kijiji cha wakulima mkoani Huesca. Mwaka 2011 chama cha akina mama wa kijiji kiliuza tiketi nyumba kwa nyumba, kaya kama 70, na namba 58268 ikatoka. Kijiji kizima kikatajirika kwa pigo moja, isipokuwa mtu mmoja, mtengeneza filamu wa Kigiriki aliyehamia huko. Akina mama walipitisha tiketi, nyumba yake wakairuka. Waandishi wa dunia nzima walikwenda Sodeto kuwaona matajiri, wakaishia kumhoji yeye.

Mama mwenye nyumba ananisimulia kisa hiki kila Desemba, na kila Desemba Mgiriki anazidi kukonda. Juzi alipanda mpaka ghorofa ya tatu akiwa na bahasha.

"Mwanangu, jengo zima limenunua. Umebaki wewe."

"Mama, unajua dini yangu. Kamari hapana."

"Najua, wala sikuuzii." Akaketi, akaweka bahasha mapajani. "Nimekuja kukueleza itakavyokuwa namba ikitoka. Wote humu ndani tutakuwa matajiri, na wewe utakuwa hapa na sufuria yako."

"Nitafurahi kwa ajili yenu, nitawapikia pilau."

"Hutapata nafasi ya kupika. Watakuja watu wa televisheni, watakuja watalii kwa mabasi, wote wanakutaka wewe." Akasimama, akajinyoosha mgongo, akaelekea mlangoni. "Nimeshazungumza na mwanangu, pale chini kwenye ngazi tutaweka meza. Mtu mzima euro mbili, watoto bure."